Jina la Tatu

Siku tulipomzika Bibi Leonsia kule Ilemba, kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alisema kwamba Bibi alihama Sumbawanga mjini kwa hiari yake, kufuata joto kwa ajili ya nyonga. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Ni kweli Ilemba kuna joto, ukiteremka ukingo wa milima ya Lyamba lya Mfipa unavua sweta kabla gari halijafika chini, na ni kweli nyonga yake ilikuwa mbovu. Uongo mzuri hutengenezwa hivyo, kwa vipande vya kweli. Upande wa pili wa kaburi alisimama binamu yangu Nestori, mtoto wa shangazi yangu, kofia mkononi, kitambi kimemtangulia. Siku hizi anafanya biashara ya samaki Kabwe, kule ziwani, mimi nafundisha shule ya msingi hapa mjini, na tulikuwa hatujaonana miaka mingi kwa sababu ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuitaja mbele ya watu. Tulipokwisha kutupia udongo akanijia. "Umesikia?" akaniuliza. "Nimesikia." "Eti joto." "Eti." Kwetu mtu akifa husamehewa yote, hata yale aliyofanyiwa. Nilirudi Sumbawanga kichwa kinaniuma, nikaona afadhali niyaandike.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata baada ya kumaliza kidato cha nne, nikawa nasubiri nafasi ya chuo nyumbani kwa Shangazi Gaudensia, mjane aliyekuwa akiuza mahindi na ulezi sokoni. Nestori, mwanawe wa pekee, alikuwa amerudi ghafla kutoka chuoni Mbeya, katikati ya muhula, akiwa na begi moja la nguo na kompyuta aliyoifunga kwa blanketi ndani ya boksi la televisheni. Hakueleza kitu. Aliingia chumbani kwake, akaipanga mashine juu ya meza ya kupigia pasi, na hakutoka tena ila kwenda msalani. Hakunyoa, hakusalimia wageni, alikula kwa kusukumwa. Mara moja alitoweka siku mbili, akakutwa amekaa stendi, anatazama mabasi yakiondoka. Baada ya hapo Shangazi alinunua kufuli. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni aliniambia, "Oresta, ingia ukae na kaka yako. Usimwache peke yake hata dakika," na nikishaingia alifunga mlango kwa nje, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Saa saba mchana alirudi kutufungulia tule na tujisaidie, kisha akatufungia tena mpaka jioni. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya siku tatu nne, mpaka yule mwana apate nafuu. Ikawa miezi saba.

Chumba kile kilikuwa na urefu wa hatua tano na upana wa hatua nne, nami nilizipima mara nyingi kuliko mahabusu. Kulikuwa na kitanda kimoja cha Nestori, kigoda changu, meza, na dirisha la nondo linalotazama uani. Ukuta wa kushoto ulipakana na stoo ya mahindi, kwa hiyo mchana kutwa tulisikia panya wakila mtaji wa Shangazi. Nyumba haikuwa na dari, na maneno ya sebuleni yaliruka juu ya kuta yakatuangukia sisi. Mwezi wa sita baridi ya Ufipa ilipita chini ya mlango, tukajifunika blanketi moja la kijivu tukiwa tumekaa, huku mashine ikinguruma. Nilimchukia Shangazi, nilimchukia Nestori, na siku nyingine nilijichukia mimi kwa kuwa mtoto mtiifu. Wenzangu niliomaliza nao walikuwa wanapita barabarani wakicheka, nazisikia sauti zao mpaka wanakata kona. Nadhani mtu ambaye hajawahi kufungiwa kwa wema hawezi kujua hasira yake ilivyo, maana huna wa kumlaumu. Kila mtu anakufungia kwa kukupenda.

Umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka, lakini ulipokuwapo, Nestori alicheza. Mchezo ulikuwa mmoja tu. Humwoni shujaa wako, unaiona mikono yake tu mbele yako, imeshika rungu la chuma lenye miiba, nawe unatembea ndani ya ngome za mawe za wazungu wa zamani, zenye mienge ukutani na mashetani kila pembe. Ile minara yao mirefu ilinikumbusha matanuri ya udongo ambayo babu zetu waliyeyushia chuma, yale yanayosimama bado mashambani kwa watu. Mashetani yalitoka kwenye maji, kwenye kuta, kwenye sakafu, na kazi yako ni kuyapiga mpaka yaishe. Kulikuwa na sheria moja niliyoielewa kabla ya nyingine zote: ukiingia chumba, mlango unajifunga nyuma yako, na haufunguki mpaka adui wa mwisho wa chumba hicho aanguke. Wiki mbili nilikaa nikitazama nikiwa nimenuna. Wiki ya tatu nikasema, "Kaka Nestori, nipishe na mimi nijaribu." Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anatabasamu tangu arudi. Nilikufa ndani ya dakika moja, naye akacheka mpaka akakohoa.

Tulianza kuyapa majina. Kwa Kiingereza yalikuwa na majina yake, lakini hayakutusaidia kupiga kelele. Yale yenye mabawa, yanayoning'inia hewani yakikutemea moto, Nestori aliyaita Kondakta. Lile lenye ngao na kwato, linalokuja mbio likikunja uso, mimi nililiita Mkuu wa Nidhamu, na kila nikilipiga nilikuwa na mtu wangu kichwani. Halafu kulikuwa na lile la kwenye kinamasi. Lilivaa kitu kama shuka kichwani, limeinama upande mmoja, likatoka kwenye matope polepole, hatua, pumziko, hatua. Tulitazamana, tukasema kwa pamoja, "Bibi Leonsia!" na tukacheka mpaka machozi. Haikuwa chuki. Naapa haikuwa chuki. Bibi Leonsia ndiye mtu pekee tuliyempenda mwaka ule bila kinyongo.

Alikuwa jirani yetu wa nyuma, mzee asiye na mume wala mtoto aliye hai, na nyumba yake ya tofali mbichi ilitenganishwa na ua wetu kwa wigo wa minyaa. Shangazi akishaondoka, Bibi alipita pengo la minyaa, anachechemea, kanga kichwani, akaja mpaka chini ya dirisha letu. Hata hapo, kwa vijana wawili waliofungiwa, hakuacha adabu ya Kifipa: alichuchumaa kwa shida, akapiga makofi mepesi, ndipo akaanza kuongea. "Shikamoo Bibi," tunasema kutoka ndani. "Marahaba wajukuu zangu. Mmeamkaje humo gerezani?" Kisha anatupitishia kikombe cha uji wa ulezi kati ya nondo, au uyoga wa kuchoma wakati wa mvua, au maboga ya moto yaliyofungwa kwa jani la mgomba. Siku moja alimwuliza Nestori anafanya nini kutwa nzima na ile televisheni. "Napigana na mashetani, Bibi." "Haya. Na unashinda?" "Leo nimeshindwa mara kumi na moja." Bibi akafikiri. "Basi kula uji," alisema. Siku nyingine alimngoja Shangazi mlangoni akamwambia waziwazi, kwa lafudhi yake nzito ya Kifipa, "Gaudensia, mtoto hafungwi kama mbuzi. Mtoe nje, alime, achoke, alale." Shangazi alimjibu kwa heshima, akaingia ndani, akafunga mlango kwa nguvu. Nilisikia pumzi zake kupitia juu ya ukuta.

Kilichomsumbua Nestori nilikijua mimi peke yangu. Aliniambia siku umeme ulipokatika, tumekaa tunatazama kioo cheusi. Alikuwa amefeli masomo manne, chuo kimemwondoa, naye Shangazi alikwishatangazia soko zima kwamba mwanawe ni mhandisi. "Ukimwambia mama, Ore, mimi sipo tena," alisema. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayekuagiza usisahau kufunga dirisha. Nikaapa. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na tangu siku hiyo nilifungiwa mara mbili, mara moja kwa kufuli na mara moja kwa kiapo.

Sebuleni nako mambo yalikuwa yanapikwa. Shangazi alikuwa amejiunga na kikundi cha maombi cha akina mama wa mtaani, kikiongozwa na Mama Neema, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Mbeya, mwanamke mwenye sauti nzuri na mkono mwepesi wa kutoa, ambaye hata leo siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Tuliwasikia wakinywa chai. "Mwanangu anaongea na vitu visivyoonekana," Shangazi analia. "Nimechungulia ufa wa mlango. Mashetani yenyewe yanaonekana, dada, kwenye kioo, yana pembe!" "Yamepata njia," Mama Neema anasema. "Lakini njia hiyo imefunguliwa na mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, Gaudensia. Nani anaingia hapa?" Kijiko kikagonga kikombe. "Kuna bibi mmoja huja dirishani nikiwa sipo," Shangazi akasema. "Anawapa chakula." "Anawapa chakula," Mama Neema akarudia, polepole. Nestori hakusikia, alikuwa amevaa spika za masikioni. Mimi nilisikia kila neno. Ningeweza kumwonya Bibi asije tena, lakini kesho yake alipokuja na maboga nilikuwa na njaa, nikayapokea na kunyamaza.

Maombi yenyewe yalifanyika Jumamosi mchana, baada ya siku tatu za kufunga ambazo sisi nasi tulifungishwa. Walituleta sebuleni, makochi yamesogezwa ukutani, akina mama tisa kumi, kigoma kimoja, madirisha yamefungwa mapazia. Nestori alikalishwa kwenye mkeka. Sasa, wasiojua mambo haya waelewe kitu kimoja, na katika hili walokole na waganga wa kienyeji hawatofautiani kwetu: pepo halitoki mpaka litaje jina. Mpaka ujue ni nani na ametumwa na nani, unapoteza nguvu zako. Basi Mama Neema aliweka kiganja juu ya kichwa cha Nestori akauliza, "Jina lako nani?" Nestori kimya. "Nakuamuru, taja jina!" Kimya. Wakaimba, wakauliza, wakaimba, wakauliza. Alasiri ikaingia, midomo ya Nestori imepauka, macho yamefumbwa, na nilijua anasubiri tu wachoke, kama alivyosubiri kila kitu mwaka ule. Hawakuchoka. Mama Neema akanigeukia mimi. "Huyu amekaa naye ndani. Oresta, mwanangu, kaka yako huongea na nani humo?"

Ningesema amefeli mtihani. Maneno mawili, na mambo yote yangeisha pale, isipokuwa nilikuwa nimeapa, na nilimwamini Nestori aliposema hatakuwapo. Ningesema sijui, lakini mama mmoja nyuma yangu alikuwa ameanza kunong'ona kwamba labda na binti limemwingia, na niliona wanavyonitazama, na niliona Shangazi anavyouchezea ufunguo shingoni. Nikaanza kueleza kwamba ni mchezo tu. Nilisema yale mashetani si kitu, ni picha, tena sisi wenyewe tumeyapa majina kwa utani. "Majina gani?" akauliza Mama Neema. "Kondakta." Wakasubiri. "Mkuu wa Nidhamu." Wakasubiri tena. Kigoma kimenyamaza. Nikajua kabisa, wala sitajidanganya uzeeni, nikajua kwamba haya mawili hayakuwatosha, na nikajua ni jina gani lingewatosha. Nikajua pia kwamba likitajwa mlango utafunguka. "Na Bibi Leonsia," nikasema.

Shangazi alipiga yowe moja tu, "Nilijua!" na hapo kelele zote zilizokuwa zimebanwa tangu mchana zikatoka. Nestori akafumbua macho akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tena, hata na mume wangu siku zetu mbaya. Kisha akajilaza ubavu kwenye mkeka akalia kwa sauti, akatetemeka, na wao wakashangilia kwamba pepo linatoka. Jioni ile tulikula mezani wote pamoja, ugali wa ulezi na samaki migebuka wa mchuzi, na mlango wa chumba ulikuwa wazi, ufunguo umelala kwenye sahani ya matunda. Nilikula sana. Nilitoka nje nikatembea mpaka barabarani na kurudi, kisha nikatembea tena. Nakiri kwamba nilifurahi.

Lisemwalo lipo, watu walisema, na mtaa wetu haukuhitaji zaidi. Jumatatu watoto waliokuwa wakimchotea Bibi maji hawakuja. Sokoni maharage aliyopeleka kuuza hayakuguswa. Mtu alitupa mawe juu ya bati lake mchana kweupe, na waliokuwa wanapita waliharakisha. Mzee mmoja wa mtaa alimwendea kwa upole akamwambia kwamba kwa usalama wake mwenyewe ingekuwa vizuri apumzike kwa ndugu. Wiki ya tatu nilimwona, kupitia zile nondo zetu, akipandishwa kwenye lori la mahindi linaloteremka bondeni, kigunia kimoja na chungu, kwa mtoto wa dada yake aliyekuwa Ilemba. Kabla ya kupanda alichuchumaa, akapiga makofi mepesi kuuaga mtaa. Hakuna aliyeitikia. Kompyuta nayo ililetewa kesi, wengine walitaka ichomwe, lakini Mama Neema aliipaka mafuta ya upako kwenye kioo, wakafuta mchezo, na kikundi kikawa kinaitumia kuchapia matangazo ya maombi. Kompyuta ilisamehewa.

Nestori alipona, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa amelia mbele ya watu, akala, akalala, na wiki hiyohiyo akamwambia mama yake mwenyewe habari za mtihani. Shangazi alimkumbatia. "Hukufeli wewe, baba," alisema, "umefelishwa." Kwake mambo yote yalikuwa yamelingana sasa. Nestori aliniambia maneno machache tu kuhusu siku ile, tukiwa tunapukuchua mahindi uani: "Ungesema tu nimefeli, Ore." Nikamjibu, "Uliniapisha." Akasema, "Najua," na kutoka hapo tukawa watu wa kusalimiana. Mimi nilimwendea Shangazi siku ya Jumapili baada ya misa, anapepeta ulezi, nikapiga magoti nikamweleza yote: picha, kinamasi, utani, na kwamba Bibi hana hatia yoyote. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika. "Nimekuelewa, mwanangu," alisema. "Lakini Nestori amepona. Unataka niende kwa watu niwaambie tumekosea, halafu nini? Arudie kuumwa?" Akaendelea kupepeta. Ndipo nilipofahamu kwamba nimetoka chumba kimoja nikaingia kingine, na hiki hakikuwa na nondo za kupitishia uji.

Nafasi za chuo zilipotoka, nilipata ya kwenda chuo cha ualimu. Kabla ya kuondoka nilidanganya kwamba naenda kumuaga rafiki, nikapanda lori kuteremka Ilemba. Nilimkuta Bibi amekaa kizingitini pa kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba ya mtoto wa dada yake, anamenya maboga, amekonda, miguu imevimba kwa joto. Nikasalimia, "Shikamoo Bibi." Akaitikia, akaniambia nikae. Nikakaa chini nikasema yale niliyoyakariri njia nzima. Hakuniacha nifike mbali. "Nilijua ni wewe," alisema. "Nilikuwa nimewaletea uji. Nilikuwa chini ya dirisha la sebule, nikasikia." Nikalia. Akaniacha nilie, kisu chake kikaendelea na boga.

"Bibi, nirudi nikawaambie watu?"

"Umekuja huku kuniuliza mimi?" alisema. "Aliyetaka kuwaambia angekuwa ameshawaambia."

Akakata boga vipande, akavitia chunguni, akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akanigeukia kwa udadisi, kama mtu aliyekaa na swali muda mrefu na hatimaye amempata wa kumwuliza.

"Huyo mliyempa jina langu," alisema, "mlikuwa mnamfanya nini?"

"Tulikuwa tunampiga, Bibi. Kwa rungu. Mpaka afe. Halafu tukianza upya anakuwapo tena, tunampiga tena."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Alikuwa amewakosea nini?"

Nilitafuta jibu kwa uaminifu wote niliokuwa nao. Nilimkumbuka akitoka kwenye matope, hatua, pumziko, hatua, na mara nyingine akiwa ametazama ukuta hata hajatuona, sisi tukimnyatia kwa nyuma.

"Hakutukosea kitu," nikasema. "Alikuwa amesimama tu karibu na mlango."

"Haya," alisema Bibi. Maboga yalipoiva alinipakulia kwanza mimi, nami nilikuwa na njaa ya safari, nikala.